Mstari wa Protas

Kila asubuhi pale Kagarama, kabla hata ya sala na chai, Protas alifungua kompyuta na kuuliza, "Haya, wenyewe wameamkaje?"

Leah, mkewe, alimjibu kutoka jikoni, "Wasalimie hao wake wenza wangu. Waulize kama chai wanakunywa na sukari."

Wenyewe hao walikuwa watu wa mbali ambao Protas hakuwahi kuwaona. Alitengeneza programu ya kliniki ya watoto, ya kuchapa lebo za dawa, ila sehemu ya kusoma uzito hakuiandika yeye. Aliazima msimbo wao, yaani maagizo ya kompyuta, waliouweka mtandaoni bure. Lakini msimbo ule haukutulia. Wenyewe waliurekebisha kila mara, na Protas asipofuata, kwake kulibaki matundu ya kuingilia wezi.

Mwezi wa tatu wenyewe walitoa toleo jipya la dharura. Kwa haraka Protas akalimwaga lote juu ya la zamani. Akasahau kwamba miaka miwili nyuma alikuwa ameongeza mle ndani mstari wake mwenyewe, wa kuzuia uzito wa mtoto usigeuzwe kuwa kilo kamili. Hakuwa ameuandika popote pengine. Kabla ya saa sita nesi Mukasine akapiga simu.

"Protas, mtoto wangu wa kilo mbili na nusu umempa tatu! Umemlisha nini?"

Nesi aliona kabla dawa haijatolewa, Mungu ni mwema. Protas akaurudisha mstari saa ile ile, ila tangu siku hiyo hakutulia. Hata kanisani alitoka katikati ya wimbo kwenda kutazama simu.

"Mstari huu ukibaki kwangu tu, Leah, kuna siku mtu ataufuta bila kujua."

Akawatumia wenyewe mstari huo, akawaomba wauweke kwao ili kila toleo lije nao. Wiki tano hakuna jibu. Wiki ya sita presha ikamchukua, akazikwa kwao Ngara.

Mwezi haujaisha, Gaju, aliyekuwa akifanya naye kazi ofisini Muhima, akampigia Leah.

"Shemeji, wenyewe wamejibu. Wanaukubali mstari wa Protas, ila wanataka jaribio la kuonyesha kwamba unafanya kazi. La sivyo wanafunga ombi Ijumaa. Na wiki ijayo wanatoa toleo jingine."

"Basi wape."

"Kazi zimenifika shingoni, shemeji. Nitaushikilia kwa mkono kila toleo likija, usijali."

"Na ukihama?"

Wote wawili walijua kwamba Gaju ameomba kazi Nairobi. Barua ya kumsifia aliiandika Protas.

Leah akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya Biblia, akaenda Muhima. Kompyuta hakuijua zaidi ya kuiwasha. Akaiweka kadi mezani mbele ya Gaju.

"Ya mtoto wetu Aneth. Alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane. Baba yake aliuandika mstari ule kwa ajili yake. Jaribu na huyu."

Gaju aliisoma kadi, akavuta kiti. Kwanza akauondoa mstari wa Protas na kuingiza uzito. Zikatoka kilo mbili. Akaurudisha. Ikatoka moja nukta nane.

"Rudia," Leah akasema.

Akarudia mara tatu. Wakatuma, jina la Protas likiwa juu.

Siku tatu Leah aliosha vikombe vilivyokuwa safi, akaanza sala bila kuzimaliza. Alhamisi wenyewe wakaupokea. Wiki iliyofuata toleo jipya likatoka, Gaju akalimwaga juu ya la zamani, kisha akapiga simu.

"Limekuja nao, shemeji! Sijashika kitu. Aneth bado ana moja nukta nane."

Leah akasema asante Yesu, akakaa, akainuka tena.

"Na wakitoa jingine?"

"Litakuja nao vilevile."

"Sawa, mdogo wangu. Lakini uwe unawaamkia."