Vipindi Arobaini na Vinane vya Baba Mkwe

Faili zilikuwa arobaini na nane.

Majina yapo. Tarehe zipo. Ukubwa wa kila moja umeandikwa vizuri tu. Lakini kuanzia ile ya kumi na nane, ukibonyeza, kioo kinabaki cheusi.

Nikabonyeza ya kumi na tisa. Ya ishirini. Nikaruka mpaka ya mwisho. Giza tupu.

Aliyekuwa akiongea kwenye faili hizo ni baba mkwe wangu. Na siku nne kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa koo. Saratani. Madaktari walitoa uvimbe, na sauti ikaenda nao.

Mkuu wa shule alikuwa amekaa mbele yangu, amekuja kuchukua vipindi hivyo vya hesabu, anasubiri.

Ngoja nianzie mwanzo, ingawa hata kuandika haya nachoka.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina meza yangu kwenye korido ya jengo la maduka, kati ya mshona mabegi na mama mmoja anayeuza miwani. Kutwa nzima watu wanakuja na swali lile lile: ninunue kipi?

Jibu nimelikariri. Unataka nafasi kubwa kwa bei nafuu, chukua diski ngumu, ile inayozunguka ndani, ila usiiangushe. Unataka kasi, chukua SSD, ile isiyozunguka, ila jiandae kutoa hela. Unataka cha kutupia mfukoni, cha kazi ndogo ndogo, flashi inakutosha. Vyote vitatu kwa bei ya bure, hakuna. Anayekuuzia hicho anakuuzia upepo.

Hayo nayasema mara kumi kwa siku.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mtaa mzima humwita Mwalimu, hata mke wake. Miaka saba nimekaa na binti yake, na mimi kwake ni Fundi tu. Hatukuwa na ugomvi. Aliniona kama mtu aliyekimbia shule akashika bisibisi, na kusema kweli ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo nikienda kwao nilikuwa mtu wa kusalimia, kunywa maji na kuaga.

Ndiyo maana nilishtuka siku aliponitokea pale mezani kwangu.

Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza, kama gunia linaloburutwa sakafuni. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanieleza bila kuzunguka. Tarehe ya upasuaji imepangwa. Zimebaki siku kumi na saba. Shule aliyofundisha ina mwaka wa pili sasa haina mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne. Anataka kurekodi vipindi vya mwaka mzima, vitatu kila siku, angali anaweza. Mimi nishike kamera ya simu, na nimchagulie pa kuhifadhi.

Akanihoji kama msimamizi wa mtihani. Kunakili kipindi kimoja kunachukua muda gani? Vitaingia vingapi? Kikianguka inakuwaje? Nikajibu vyote, kifua mbele.

"Na kikifa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo maana tunaweka nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

"Sawa. Hilo nakuachia wewe."

Sasa sikiliza. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, baba yake mgonjwa, nyumba imepoa kama jiko la jana. Mimi asubuhi niko mezani, mchana niko sebuleni kwa Mwalimu, jioni natengeneza mashine za ofisi moja huko. Nilikuwa nasinzia nimesimama.

Katikati ya uchovu huo akaja jamaa anayeniletea mzigo. Ana diski mpya, ndogo kama kiberiti, nyepesi, imeandikwa TB mbili, kasi ya kutisha, bei chini ya nusu.

Nikaipenda kwa sababu moja tu. Inaingia mfuko wa shati.

Diski ngeni hupimwa. Unaijaza mpaka mwisho, kisha unasoma ulichoweka. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na kila mteja huwa namwambia asiikwepe. Mimi nikasema nitapima kesho. Ile nakala ya pili nayo nikaisogeza kesho hiyo hiyo.

Kinyozi hajinyoi.

Tukaanza. Sebule yao ilikuwa na ubao mweupe ukutani. Mwalimu anaandika, anaongea, anameza maji, anaendelea. Kipindi kikiisha anapumzika, mama mkwe anamfuta jasho, tunaanza kingine. Simu yangu ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo kila siku nikimaliza nahamishia kwenye diski, nafuta kwenye simu. Diski naiacha pale kwao ili akitaka kujikagua ajikague.

Siku ya sita kunakili kukawa kwa kujikokota. Nikasema ni waya. Nikabadilisha waya.

Siku kumi na sita, vipindi arobaini na vinane. Hakuruka hata siku moja.

Basi, siku ile mkuu wa shule amekaa mbele yangu, nikachukua bisibisi nikaipasua ile diski. Ndani kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu, ndogo kama ukucha, GB sitini na nne, imebandikwa kwa gundi. Iliyobaki ilikuwa plastiki. Kadi hiyo ilikuwa imefundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Ilipojaa iliendelea kupokea, ikaandika majina, ikatupa vilivyomo.

Nikahangaika na simu labda nitafufua nilivyofuta. Wapi. Kila siku ilikuwa imejiandika juu ya jana yake, na vya siku ya mwisho simu ilishavisafisha yenyewe.

Nikampa mkuu wa shule vipindi kumi na saba. Akashukuru kwa moyo wote. Afadhali angenitukana.

Hospitali nilimkuta mke wangu kwenye benchi la nje ya wodi. Nikamwambia. Hakupaza sauti. Alishika tumbo, akauliza, "Nani atamwambia baba?"

Nikasema mimi.

Mwalimu alikuwa ameegemea mto, shingo imefungwa bandeji, mpira unatoka kooni, daftari na kalamu mapajani. Nikavuta kiti. Nikamwambia yote: diski, bei, kupima nilikokwepa, nakala niliyoahidi nisiiweke. Sikujipunguzia hata neno.

Akachukua kalamu, akaandika neno moja.

Najua.

Nikalisoma mara mbili. Akafungua ukurasa mwingine, akaandika taratibu. Siku ya mwisho asubuhi, kabla sijafika, alitaka kukagua kipindi cha vekta, alihisi amekosea alama. Hakikufunguka. Akajaribu vingine ishirini. Akaelewa.

"Sasa baba, kwa nini hukuniambia?"

Akaandika: *Ungeanguka. Binti yangu alihitaji mtu wa kusimama naye siku ya upasuaji. Nilibakiwa na mchana mmoja wa kuongea. Nikautumia.*

Ndipo mchana ule ukanirudia.

Nilifika, tukarekodi vitatu vya mwisho kama kawaida. Nilipotaka kufungasha, akaniambia niiweke simu chini, nikae. Akaongea karibu saa mbili kwa sauti ile iliyochanika. Mtu aliyejiaminisha kwamba hana akili unamwelezaje hesabu za sehemu. Usifute ubao kabla wa nyuma hajamaliza kunakili. Ukiuliza swali, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, usijijibu mwenyewe. Kisha akahamia mambo mengine: siku binti yake alipozaliwa, kazi yake ya kwanza, vitu alivyovijutia.

Nilidhani ni hofu ya kisu. Nikamsikiliza kwa adabu.

"Ulikuwa unanifundisha kufundisha," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. *Vimebaki thelathini na kimoja. Nitaandika ubaoni. Wewe utaongea.*

Nikamwambia mimi hesabu nilipata sifuri. Akaandika haraka, na nadhani alikuwa anacheka, maana mabega yalicheza.

*Nimeona. Ndiyo maana watakuelewa.*

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mwanetu ameshazaliwa, wa kike. Kila Jumamosi na Jumapili mchana nasimama pembeni ya ubao. Mzee anaandika, mimi naeleza. Nikikosea anagonga ubao kwa kalamu, tunarudia. Kuna kipindi tumerudia mara tisa. Nachoka hadi magoti yanauma, na Jumatatu mezani wateja wananikuta nimevimba macho.

Kati ya vile thelathini na kimoja, tumefika cha ishirini na sita. Kila kipindi kipo kwenye diski ngumu kwao, kwenye SSD mezani kwangu, na nakala ya tatu ipo kwenye diski ya shuleni. Diski zote nilizijaza kwanza, nikazisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaokuja kuniuliza mnunue kipi. Nunueni chochote, lakini pimeni kabla ya kukiamini, na wekeni sehemu mbili siku hiyo hiyo. Msiseme mmechoka. Sote tumechoka.

Mwanangu atamsikia babu yake kwenye vile vipindi kumi na saba, akieleza milinganyo. Sauti ipo, nzuri kabisa. Lakini zile saa mbili alizoongea kama baba hazipo popote, na simu yangu ilikuwa na chaji, tena na nafasi.

Aliniambia niiweke chini. Hakusema niizime.