Dagaa Amekomaa, Sato Bado

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu, nayo imenirudia tangu ulipofungua ule mfuko wa visato kutoka sokoni Katoro. Usivifiche. Mimba hutamani vyake, najua.

Nilikuwa na mimba ya mama yako, na ugali bila samaki haukupita kooni. Babu yako alikuwa akichimba dhahabu Nyarugusu. Siku aliyopata chochote aliniletea sato wa kukaanga, kila mmoja sawa na kidole changu, watamu hadi mifupa. Nikajipakulia sahani nzima kabla hata maji ya ugali hayajachemka.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayu, alitokea ziwani, akaolewa huku kwetu. Aliingia jikoni, akaitazama sahani, akaketi. Nilijua atanifokea, maana ulimi wake haukuwa na breki. Hakufoka. Alichukua dagaa mmoja katika wale aliokuwa ameloweka, akampasua tumbo kwa ukucha, akanionyesha mayai.

“Huyu ni mdogo, lakini ni mtu mzima,” akasema. “Huyo wako ni mtoto, hajazaa hata mara moja.”

Nikamjibu kwa adabu kwamba wameshakufa, hata nisipowala hawarudi majini. Hapo macho yake yakalowa. Akanieleza kwamba kwao walivuta kokoro, wavu unaokwangua ufukweni na kuzoa hadi watoto wa samaki, na wanunuzi hawakukosekana, wote wenye jibu kama langu. Mwishowe nyavu zikawa zinarudi tupu. Kaka yake akauza mtumbwi, akaja huku kutafuta dhahabu, na shimo likamfukia.

“Na leo mwanangu yuko shimoni,” akasema. “Ziwa ndilo lingemlisha.”

Nililia, mwanangu, kwa kumwogopea mume wangu. Visato vile tulivila pamoja, kwa kuwa chakula hakitupwi, ila sikununua tena vya namna ile. Jioni Mayu aliniungia dagaa kwa karanga, nikala hadi nikaona haya. Babu yako akarudi salama, na bado nilimpokea kwa kumshika mkono kama mgeni aliyetoka mbali.

Basi nawe kula dagaa, uwachague wanaong'aa, wasio na mchanga. Ukikuta vitoto vya sato vimechanganywa humo, mwambie muuzaji kwa upole, uende kwa mwingine. Biashara isiyo na mnunuzi hufa yenyewe. Sato mwache akue, apite kiganja chako na vidole vyake. Mvumilivu hula mbivu, na mkulima mwenye akili hali mbegu. Mumeo bado ana mtumbwi wake, na kila mtoto wa samaki tunayemla anamsogeza mumeo karibu na mashimo.

Mungu akufungue salama, mwanangu. Na huyo aliye tumboni akue akimpokea baba yake asubuhi na harufu ya samaki, asije akamngoja mdomoni mwa shimo.