Rumba ya Kung'ata

Santuri mpya ilikuwa inanuka. Vijana wa leo hawalijui hilo, maana muziki wao hauna harufu. Ilinuka kama lakiri ya posta iliyochanganyika na vumbi la barabara, na Baba alikuwa akiinusa kwanza, taratibu, kama mtu anayechagua tumbaku, ndipo aiweke juu ya gramafoni. Kwetu ni Qurus, chini ya Karatu. Baba alikuwa fundi seremala katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, na Mzungu mmoja alipofungasha virago akamwachia gramafoni ya kuzungusha kwa hendeli. Sindano za chuma zilipokwisha tulichonga miba ya mgunga. Santuri zenyewe zilikuwa za Kuba. Bwana Salehe, mwenye duka la vitambaa pale Karatu, alizipata Arusha, na kila ikija mpya alimwekea Baba pembeni mpaka siku ya mnada. Mimi niliishia darasa la pili na sikujua Kuba iko upande gani wa Mbulu, lakini masikio nilikuwa nayo. Nilijua rumba iliyopigwa na watu walioshiba na ile iliyopigwa na watu wanaotaka kwenda kulala. Nilijua pia wenye santuri wanapotudanganya, wakichukua wimbo wa mwaka juzi, wakauongezea tarumbeta moja na kutuuzia kama mpya. Baba aliita hizo viporo. Akisikia kiporo alinyanyua mkono wa gramafoni katikati ya wimbo na kusema, "Hawa wamechoka, tuwaache walale." Jumapili majirani walijaa uani kwetu kucheza, na wazee waliodai kuwa hawapendi makelele ya Wazungu walikuwa wa kwanza kuuliza kama ipo mpya.

Mwaka uliofuata Uhuru, mdogo wangu wa pekee alifariki angali ananyonya. Sisi Wairaqw zamani tuliona kifo cha namna hiyo kizito kuliko cha mzee. Nyumba ilitengwa. Hakuna aliyeingia kwetu, hatukuingia kwa mtu, moto hatukuazima, na kwenye chemchemi tulikuwa na njia yetu peke yetu. Kelele za furaha ndizo hasa zilikatazwa. Padri alisema sala inatosha. Majirani walimsikiliza kwa heshima, kisha wakafuata la kwao. Mzee Tluway, mkubwa wa majirani, alisimama mbali pale njiani akamwambia Baba, "Baba Safari, hicho kitu chako kina mdomo mrefu. Lete kichwa chake nikakae nacho." Baba akakifungua kile kichwa cha duara kinachotoa sauti, akakiweka chini na kurudi nyuma, Mzee akaja akakiokota. Likasemwa wazi: mpaka mahindi ya masika yafike magotini. Tukifanya kelele, hesabu inaanza upya, na hapo hakuna msaragambo wa majirani kuja kupalilia, shamba letu lote linaliwa na magugu. Sisi tulikuwa watu watatu tu kwenye shamba la kazi ya watu ishirini. Hiyo ilikuwa njaa, si maneno ya kutishia watoto.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukungu wa Ngorongoro ulikuwa ukitelemka kila asubuhi unakaa juu ya nyumba, na ndani hamna neno. Mama aliacha kusema. Si kwamba alisema kidogo. Aliacha kabisa, tangu siku ya mazishi. Alisaga, alipika, alilima, na ukimwuliza jambo alikutazama kama unaongea ukiwa ng'ambo ya bonde. Baba alizunguka naye wiki nzima akitafuta neno la kumtoa, halafu naye akachoka.

Katikati ya kimya hicho ikaja santuri. Bwana Salehe alikuwa Mwislamu, mambo yetu ya kutengana hakuyajua vizuri. Aliona tu Baba haji mnadani, akampa utingo wa basi, naye akaiacha njia panda ndani ya gunia. Baba aliinusa mara moja, akaifunika, akaisukuma chini ya kitanda. Mimi nikaumwa. Msinicheke, naeleza ilivyokuwa: mtoto anaweza kuumwa kwa wimbo asioujua. Siku ya nne, wazazi wote wakiwa shambani mchana, niliitoa, nikaiweka kwenye gramafoni isiyo na kichwa, nikaizungusha. Ikazunguka bure, bubu. Nikachukua mwiba nikaushika kwa meno, nikainama mpaka ncha ikagusa.

Rumba ikaniingia kichwani. Si masikioni, kichwani. Besi ilitembea kwenye taya, vile vibuyu vyao vya kutikisa vikawa kwenye meno ya mbele, tarumbeta mbili zikapanda puani hadi kwenye macho, na yule mwimbaji alikuwa amekaa kabisa nyuma ya ulimi wangu. Hakikuwa kiporo! Kinanda kilingoja, kikangoja, halafu kikaingia pale ambapo hukukitegemea. Nje hapakutoka hata mlio wa mbu.

Sikumsikia Baba akiingia. Alinikuta nimeinama kama ndama kwenye kiwele, mkono wake ukapanda juu kunipiga, kisha ukabaki hapo hapo juu. Alitega sikio. Kimya.

"Unakula nini?"

"Rumba, Baba."

Alipiga magoti akaninyang'anya mwiba, akaung'ata. Nilimwona akifunga macho. Wimbo ulipokwisha alitoka bila kunitazama, akarudi amemshika Mama mkono, jembe bado Mama analo. Akamwinamisha kama anavyoinamishwa mgonjwa kunyweshwa dawa. Mama alikaa hivyo mpaka mwisho, mate yakimdondoka, machozi nayo. Kisha akainuka akasema neno lake la kwanza tangu mazishi. "Rudia."

Tukarudia. Kila siku, mmoja mmoja kwa zamu, maana rumba ile haikuweza kuliwa na wawili. Miba ilivunjika, tukahamia pini ya kushonea. Midomo yetu ikawa na vumbi jeusi, na hatukujiuliza linatoka wapi. Mama alianza kusema tena, kwanza habari za ile tarumbeta ya pili kwamba ni ya mtu mvivu, halafu habari za chumvi, za mbuzi, mwisho za mtoto mwenyewe.

Mahindi yakafika magotini. Majirani wakaja, kondoo akachinjwa, pombe ikamwagwa, tukarudishwa kwa watu. Mzee Tluway akatoa kichwa cha gramafoni ndani ya shuka lake. "Haya, tunasikia ilikuja mpya." Baba hakuwa na la kufanya. Akakifunga, akaweka santuri, watu wakajipanga kucheza. Ikatoka sauti ya mvua juu ya bati. Mwanzo mpaka mwisho, mvua tu. Tulikuwa tumeutafuna wimbo ukaisha.

Mzee hakuwa mjinga. "Santuri mpya hailii hivi," alisema. "Hii imepigwa. Mmepiga msibani." Watu wakasogea nyuma, wengine wakashika majembe yao kuondoka. Mama akanishika bega. Hapo nikasema mwenyewe, sikungoja Baba: tuliing'ata, hatukuipiga. Wakaniona mwongo. Nikakifungua kile kichwa, nikampa Mzee mwiba na kumwonyesha jinsi ya kuinama. Sasa, Mzee Tluway alikuwa hana jino hata moja. Aliubana mwiba kwa ufizi, akainama, tukamzungushia. Alikaa muda mrefu. Akainuka akiwa na uso wa mtu aliyeandaliwa nyama akakuta sahani tupu.

"Sisikii kitu," alisema. Akafikiri. "Nyie majirani, kuna aliyesikia kelele nyumba hii?" Hakuna. "Basi na mimi sikusikia. Hapakupigwa kitu. Kesho asubuhi majembe." Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata, na kesho yake walikuja watu zaidi ya thelathini.

Nimekuwa mtu mzima tangu hapo, tena sana. Nilianza na lori moja bovu, leo nina nyumba za wageni na fremu kando ya lami Karatu, na hakuna aliyenishika mkono. Mwaka jana nilimzika mke wangu. Walikuja watu wengi, magari yakajaa mpaka barabarani, wakala pilau, na siku ya tatu turubai likakunjwa, kila mtu akaenda zake. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nasema siku hizi wengi wanakaa siku tatu. Jioni hiyo spika za baa ya jirani zikafunguliwa, na baa hiyo ni fremu yangu mwenyewe. Mpangaji, kijana mwenye adabu, akaja akasimama mlangoni: "Shikamoo mzee. Nizime?"

Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia aendelee na biashara yake. Alitaka mfiwa ndiye amnyamazishe, na mimi nimelelewa na watu ambao swali hilo hawakuwahi kutuuliza; kichwa cha gramafoni walikuja kukichukua wenyewe.