Pampu ya power steering iliyosemekana kula mikono ya kaka yangu, Voi

Wakuu, hamjambo humu ndani? Leo nimeamka na nyongo, wacha niiteme hapa. Ni kweli tupu. Nikizidisha chumvi mtaijua tu, maana huwa nazidisha waziwazi.

Miaka ya themanini mwanzoni, pale Voi, niliamini kwa moyo wote kwamba power steering inakula mikono ya dereva.

Msicheke kwanza.

Habari hiyo ililetwa na madereva wa malori. Steringi ya kawaida, walisema, unaisukuma wewe. Hii ya pampu inakusukumia, na hakuna cha bure duniani: inakunyonya misuli kidogo kidogo. Siku moja unajikuta huwezi kumega ugali. Kuna dereva, eti, mkewe alikuwa anamlisha kwa kijiko na kumfunga kitambaa shingoni.

Na mimi nilikuwa msomi, wakuu! Nilikuwa nimemaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Bado niliamini.

Sasa, kaka yangu Mwakio alikuwa dereva wa gari la mashindano. Gari lilikuwa la bosi, mwenye gereji ambako mimi nilikuwa nafanya kazi.

Upande wa Ndara watu walikuwa wamefyeka njia ya kuzunguka, vumbi jekundu tupu. Ng'ombe wanafukuzwa kwanza, ndipo magari yanaingia. Twiga wanatazama bila kiingilio. Mwakio akikata kona pale, hata vumbi liliogopa kumfuata.

Bosi alimwahidi mbele yetu sote: "Maliza vizuri Ndara, na gari ni lako msimu mzima, mpaka Nairobi." Kaka yangu hakuwa na ndoto nyingine. Nyumbani kulikuwa kunamngoja jembe.

Mashindano yakikaribia, steringi ikaanza kulia. Ukikunja kona, pampu inapiga kelele kama mbuzi aliyefungwa juani. Mafuta yake yanatoa povu, na kila asubuhi chini ya gari kuna kidimbwi chekundu. Usukani mara mwepesi, mara mzito kama jiwe la kusagia.

"Bosi, hii pampu inakufa," Mwakio akasema.

Bosi akamwangalia mikono, si gari. "Pampu ni nzima. Labda ni wewe umeanza kuliwa."

Gereji nzima ikacheka. Mwadime, yule wa kuchomelea vyuma, akadakia: "Mwakio, leo chai utakunywa kwa mrija!"

"Nenda ukachomelee mdomo wako," kaka akamjibu, lakini hakucheka.

Tulipofika nyumbani nikamwambia anifinye mkono nimpime nguvu. Alinifinya nikapiga yowe mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nikajiambia: hii ni nguvu ya mwisho mwisho.

Siku ya Ndara aliongoza raundi nne. Ya tano, pale kona ya birika la ng'ombe, steringi ikakataa kabisa. Gari likaenda moja kwa moja kichakani.

Mwakio akatoka mzima, ila mikono inatetemeka. Ya nani isingetetemeka? Bosi akauinua mmoja mbele ya watu, kama mtu anayenadi kuku. "Oneni wenyewe," akasema.

Watu wakaona. Mimi pia nikaona. Gari akapewa mpwa wa bosi, Elia, kijana wa Mahoo kule Taveta.

Jumatatu bosi akatuamuru tubadilishe pampu. "Hii imeshiba," akasema. "Isije ikamwanza Elia." Wakuu, nilimwelewa kabisa! Mantiki safi!

Akaingia stoo, akatoka na pampu mpya ndani ya boksi. Tukalegeza belti, tukafungua mipira ya mafuta, tukaitoa ile ya zamani. Shafti ilikuwa inacheza kama jino bovu, na ndani kumekwaruzika kote. Nikadhani hizo ni alama za kula.

Tukafunga mpya, tukatia mafuta, tukainua magurudumu ya mbele, tukakunja steringi kushoto kulia mpaka hewa ikatoka na povu likaisha. Nikaizungusha kwa kidole kimoja. Kimya. Hata mbuzi hakulia.

Elia akaendesha msimu mzima. Bosi akapigwa picha amemkumbatia.

Mwakio akaenda Kasigau, kwa wajomba. Akalima shamba la mawe kwa jembe la mkono. Tembo wakaingia wakamaliza mahindi, akalima tena. Nilipomtembelea alinipasulia kuni za kupikia harusi tatu. Mimi msomi wa ngumbaru nikamwambia, "Naona nguvu zinarudi."

Akaweka shoka chini.

Hakushika usukani tena. Hata siku mgonjwa alipohitaji kupelekwa Voi na pikapu ipo, alikataa. "Mikono yangu inajulikana," akasema. Wakuu, yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini.

Tulimzika mwaka jana.

Funzo langu nalisema hapa hapa: uvumi haudumu kwa sababu watu ni wajinga. Unadumu kwa sababu kuna mtu unamfaa. Ukisikia jambo la kuchekesha kuhusu ndugu yako, uliza kwanza nani anafaidika. Mwenye kisa kama hiki akiweke hapa chini, hata mwenye matusi aje, nitayasoma yote.

Elia alikuja kwenye mazishi, mzee sasa kama mimi. Nilipomsimulia habari ya mikono kuliwa, nikijaribu kuchekesha kama kawaida yangu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Hapana, bwana. Ile pampu mpya ilikuja na treni kabla ya Ndara. Mjomba aliificha stoo aniwekee mimi. Ile ya zamani niliwahi kuijaribu, kona ya kwanza tu ikanishinda. Kaka yako alizunguka nayo raundi nne."