Shikamoo ya Mzee Kobe

Mteja anayeupenda mkoba huuponda. Atakuambia zipu mbovu, rangi imepauka, mkanda mfupi, na huku vidole vyake havibanduki juu yake. Asiyeutaka hupita zake kimya. Hind Suud alilijua hilo tangu alipokuwa akitembeza mikoba ya mtumba nyumba kwa nyumba, mitaa ya Kiponda na Malindi, kabla hajapata kijiduka chake kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la Darajani. Marehemu baba yake alimwachia jina la ukoo lenye historia ndefu na kabati la mkangazi lililoliwa na mchwa. Vilivyobaki alivitafuta mwenyewe, kwa mdomo na kwa macho.

Kwa macho zaidi. Akipewa noti huiinua kwenye mwanga, hata aliyempa awe imamu. Akisifiwa hujiuliza anatakiwa atoe nini. Aliolewa, akaachika, na watu walipokuja kumpa pole aliwahesabia muda wanaompotezea dukani.

Starehe yake ilikuwa moja: gemu ya vita kwenye simu. Baada ya adhuhuri kichochoro hulala. Wenye maduka husinzia juu ya viti vyao, paka hunyoosha miguu mlangoni, na mteja ukimwona ujue kapotea njia. Hapo Hind huchomeka spika za masikioni akaingia vitani. Alipigana vile vile anavyouza. Hakumkimbilia mtu. Alitafuta nyumba yenye dirisha zuri, akajibanza, akangoja adui aje kwa miguu yake mwenyewe.

Kikosi chake kiliitwa Nyuki wa Unguja. Nahodha alikuwa Wakil, fundi umeme wa Fumba. Alikuwemo Usi wa Paje, anayefundisha wageni kuteleza baharini kwa tiara, na kijana mmoja wa Kizimbani asiyependa maneno. Wa nne ndiye Hind. Wa akiba alikuwa mtu mmoja anayejiita Papa Upanga. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa majina ya mchezoni na kwa grupu lao la simu, lenye wachezaji wengine wengi wa kisiwani.

Jina la Hind humo lilikuwa Kobe wa Changuu, kisiwa chenye kobe wakongwe. Kwa kuwa alicheza taratibu, hawashi maiki, na majibu yake yote ni ya kuandika, wenzake walimbunia umri.

“Huyu mzee mstaafu, wallahi,” alisema Usi zamani. “Nadhani hata hajui maiki inawashwa wapi.”

Ikawa hivyo. Kila asubuhi grupu huamka na “Shikamoo Mzee Kobe,” na Hind, mwanamke wa miaka thelathini na moja, huku anapanga mikoba msumarini, huandika: “Marahaba, wanangu.” Utamu wake aujuao ni yeye.

Hakujificha kwa aibu. Mwanzoni, kwenye kikosi chengine, alicheza kwa jina lake. Mmoja akamtaka picha. Mwengine akamuuliza kama wali umeshaiva. Wakiwa vitani hakuna aliyemlinda mgongo, na akifa walicheka mpaka wakasahau kupigana. Basi akafanya alichokifanya mara nyingi dukani: bidhaa ile ile, mfuko mwengine. Thamani ikapanda siku hiyo hiyo.

Mzaha haukwisha, ila sasa aliusikia akiwa upande wa ndani.

“Nani kafa?”

“Mie. Kanipiga mmoja kutoka majanini.”

“Umekufa kama mke wa mtu anageuza chapati!”

“Adui, ngoja kidogo, wanja haujakauka!”

“Mwanamke mpe bunduki, atakuuliza mwiko wake uko wapi.”

Hodari wa maneno hayo siku za karibuni alikuwa Papa Upanga. Hind alitia alama ya kicheko kama wengine, akaendelea. Mtu hafungi duka kwa kelele za mpita njia. Lakini kila msemaji alimweka mahali pake kichwani, na hakumtoa.

Jumamosi moja Wakil alileta habari: kikosi cha Pemba kimekubali mpambano, ana kwa ana, kwenye ukumbi Fumba, wiki ijayo. Grupu likawaka. Pemba walikuwa wameshawafunga Nyuki na hawakuacha kusimulia.

“Mzee Kobe, tutakutafutia kiti cha kuegemea!” aliandika Usi.

Hind aliisoma meseji hiyo mara mbili. Alizitaka zile mechi za Fumba kuliko alivyowahi kutaka kitu cha bure. Akienda, Kobe anakuwa Hind mbele ya macho ya watu. Asipoenda, nafasi yake anachukua wa akiba.

Kabla hajakata shauri, mzaha wa Papa Upanga ukabadili mwelekeo. Aliandika: “Kobe wengine gamba lao jeusi, refu mpaka miguuni.” Kesho yake: “Tusije tukamngoja mzee Fumba akaja na pochi.” Wengine walicheka bila kujua wanacheka nini. Hind hakucheka. Maneno yale yalikuwa na anwani, na anwani ni yake.

Kuna mtu anajua.

Wa kwanza kumtilia shaka alikuwa mdogo wake, Mundhir, aliyekuwa akiishi naye Kiponda pamoja na mama yao. Mundhir alipenda kukaa nyuma yake akila, na macho hayana pazia. Siku mbili Hind alimchunguza kama noti. Akicheka simuni, Hind hugeuka. Akitoka barazani, Hind hutazama saa. Hind akaanza hata kuilaza simu yake kifudifudi.

“Dada una nini wewe?” aliuliza Mundhir. “Unanitazama kama nimekuibia.”

“Umeniibia?”

“Bando ndiyo, kidogo. Mengine sijui.”

Wakagombana kwa bando lile mpaka mama akawanyamazisha. Asubuhi yake Mundhir alitoka chumbani na nywele zimesimama, bado amenuna, macho hayataki kumwangalia. Lakini alipopita alisema kwa sauti ya kulazimishwa:

“Shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu Hind, na kikombe kikasita mkononi.

Mtoto yule hata akiwa na hasira hawezi kumpita dada yake bila ya kumwamkia. Nani basi hawezi kumwamkia?

Alifungua grupu, akapanda juu, siku baada ya siku. Papa Upanga alikuwa akiamkia kila asubuhi kama wengine: Shikamoo Mzee Kobe. Kisha ghafla shikamoo ikakatika. Badala yake: “Salama humu?” au “Mambo, Kobe.” Wengine wote wanaendelea, yeye kaacha. Mtu huyo hakukosa adabu. Alijua umri. Alijua kwamba mzee wanayemnyenyekea ni mdogo kwake, na ulimi wa mtu mzima wa Unguja haumwamkii mtoto hata kwa maskhara.

Kisha akatafuta shikamoo ilikatika lini. Ilikatika wiki ile kioo cha simu ya Hind kilipovunjika, akampelekea Basil.

Basil ni fundi simu. Meza yake inatazamana na duka la Hind. Aliwahi kukaa na marehemu Suud kwenye kahawa, na Hind humwita Ami. Alipotaka neno la siri ili ajaribu kioo kipya, Hind alimpa. Naam, mwanamke anayepima noti ya imamu alikabidhi simu wazi kutwa nzima, kwa sababu fundi ni jirani na alikunywa kahawa na baba yake. Hakujihurumia. Alijitukana kimoyomoyo, akafunga mtandio, akaenda kazini.

Siku hiyo alivuka kichochoro mapema.

“Shikamoo, Ami Basil.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo. Kava hili vipi? Linaonekana bovu.”

“Bovu usilichukue.”

“Silichukui. Nimekuja kumuuliza Papa Upanga anataka nini.”

Basil aliendelea kukaza skrubu ambayo ilishakazwa. “Papa gani tena?”

“Yule mwenye meno mengi. Kasahau kuamkia, Ami.”

Bisibisi ikalazwa mezani. Basil akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri.

“Hind, una jicho, Mungu akuhifadhi. Mie sina ubaya. Utani tu wa vijana.”

“Mna vijana wengi wenye mvi humo?”

“Sikiliza, mwanangu.” Aliinama, akashusha sauti. “Fumba wanaume watupu. Watapiga picha, watarusha mitandaoni. Kesho mtu aseme, binti Suud nimemwona kakaa na wanaume anafyatua bunduki. Mie nakutakia stara. Andika unaumwa mgongo. Mzee kama Kobe kuumwa mgongo, nani atashangaa? Mie ntaishika nafasi, na siri ntaingia nayo kaburini.”

Muuzaji akianza kukutakia heri, shika pochi yako. Hind aliikumbuka mizaha yote, miko na wanja na chapati, akaiona kwa sura yake halisi. Ilikuwa mkono wa mteja juu ya mkoba. Basil alikuwa akiiponda nafasi ile tangu alipojua iko mikononi mwa mwanamke, kwa sababu aliitaka.

“Na nikenda?”

“Mie si msemaji. Lakini hapa Darajani maneno hayana mlango.”

“Nipe mpaka Ijumaa nifikiri.”

“Ijumaa mbali. Alhamisi.”

“Alhamisi,” alikubali Hind, na uso wake ukaonyesha huzuni kiasi kile kile anachokionyesha anapokubali bei aliyoitaka yeye.

Hakuwa na nia ya kuifikia Alhamisi. Anayekupa muda anadhani utautumia kuogopa. Basil alikuwa na bidhaa moja tu, siri, na siri ina soko maadamu mwenyewe hajaimwaga njiani bure.

Mama? Mama alijua bintiye anacheza. Alilalamika juu ya macho, si juu ya bunduki. Majirani? Wangesema wiki mbili, kisha wangekuja kununua mikoba ili wamtazame. Hind alipima yote hayo, akaona hasara inabebeka.

Adhuhuri ikapita, kichochoro kikalala. Ng'ambo, Basil alikuwa amejiegemeza ukutani na simu mkononi. Kwenye grupu Usi alikuwa ametoka majini: “Shikamoo Mzee Kobe, upo?”

Kwa mara ya kwanza Hind akabonyeza alama ya maiki.

“Marahaba, Usi. Nipo. Mie Hind, muuza mikoba Darajani. Kobe ni mie tangu mwanzo. Fumba nnakuja. Mwenye neno aseme sasa, asingoje Alhamisi.”

Akaachia. Ng'ambo simu ililia, Basil akaisikiliza, na kiti chake kikarudi chini kwa kishindo.

Grupu likafurika majibu:

“Weee!”

“Mzee kabadilika sauti!”

“Nirudishiwe shikamoo zangu zote!” aliandika Usi. “Zote, tangu mwaka juzi!”

“Kobe, chapati zinaungua huko.”

“Nani alikuwa akituokoa, basi? Mumewe?”

“Sina mume,” aliandika Hind. “Nna dirisha.”

Papa Upanga akaingia, mbiombio: “Jamani, huu ni udanganyifu. Kikosi kina heshima yake. Wa akiba yupo tayari.”

Hind aliinua macho. Basil alikuwa akiandika bila kumtazama.

Hatimaye Wakil, nahodha, akatuma sauti yake, nzito, na nyuma yake drili inalia.

“Mie nataka kumfunga Pemba. Hamna mtu humu hajaokolewa na Kobe, na Papa mwenyewe yumo. Mwenye kuweza kujibanza dirishani kama yeye amlete nimwone. Hakuna? Basi nafasi yake ile ile. Ila Kobe, usije na mwiko.”

Wakacheka. Hind alimsikiliza tena, akitafuta wema ndani yake, na hakuuona. Nahodha alikuwa ananunua ushindi na amechagua bidhaa nzuri. Hilo lilimtuliza. Wema wa mtu hujui utakatika lini, lakini haja yake unaipima.

Usiku alimwambia Mundhir amsindikize.

“Kumbe mechi hizo ndizo zinazomaliza bando!” alisema Mundhir. “Na mie naitwa mwizi!” Alikubali kwa sharti la bando lake mwenyewe, mwezi mzima.

Ukumbi wa Fumba ulikuwa na harufu ya rangi mpya. Wapemba walifika mapema, wakamwona Hind na mtandio wake, na mmoja akauliza kwa sauti, “Mmetuletea mpishi?” Usi alisimama, akamtazama Hind juu mpaka chini, akapiga hesabu ya umri, na akaona bado anadaiwa adabu.

“Shikamoo, dada,” akasema, shingo upande.

Basil alikuwa mlangoni amebeba begi la chaji za wote, kwani ndiyo kazi ya wa akiba. Hind alikwenda mpaka mbele yake, ukumbi mzima unatazama.

“Shikamoo, Ami Basil.”

Shikamoo haiachwi hewani. Midomo ya Basil ilitafuta njia nyengine, haikuipata.

“Marahaba.”

“Nipatie chaji, Ami.”

Akakaa kwenye kiti kinachoelekea mlango, mgongo ukutani. Katika mchezo wa kwanza, aliyetangulia kufa ni yule aliyeuliza habari za mpishi. Aliingia nyumba yenye dirisha zuri, na Hind alishajibanza humo.

Baada ya ushindi ule grupu lilikuwa na adabu. Chapati hazikutajwa, wanja haukutajwa, asubuhi ilikuwa salamu na mipango ya mechi. Mwengine angefurahi. Hind alikitazama kimya kile kama anavyotazama mkoba wa ngozi unaouzwa rahisi. Kioo cha simu kilipovunjika tena aliipeleka Michenzani kwa fundi mwengine, akakaa pale pale mpaka kikamalizika, na neno la siri akaliandika mwenyewe.

Kisha akamnunulia Mundhir bando jengine, akamtuma awaulize vijana wa kikosi. Kama alivyodhani, wanaume walikuwa wamefungua grupu la pili, mizaha imehamia huko yote, na Papa Upanga ndiye mwenyekiti.

Huko sasa kuna mwanachama mpya, wa laini mpya, anayejiita Chewa. Hawashi maiki, hucheza taratibu, na huandika kwa nadra. Wanadhani ni mvuvi mstaafu wa Makunduchi. Basil humwamkia kila asubuhi, wa kwanza kabisa.

“Shikamoo Mzee Chewa.”

Ng'ambo ya kichochoro, Hind huning'iniza mkoba wa mwisho msumarini, kisha humjibu.