Mwenye Kibendera

Makosa yangu ya kijinga sijawahi kuyahesabu, lakini hili ndilo nililolifanya nikiwa na akili zangu zote: nilimwekea kaka yangu, aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kwenye mkarafuu, mashindano ya wanaume wanaojirusha kutoka juu ya mlima.

Sikukusudia. King'amuzi chetu hatukukilipia, na tangu wiki iliyotangulia kilikuwa kimefungiwa idhaa zote za mpira. Zilibaki za bure: moja ya mawaidha, moja ya mapishi ya watu wenye oveni, na moja ya michezo ambayo haionyeshi mchezo wowote anaoujua mtu wa Pemba. Kaka alitaka mpira. Nikabonyeza, nikaona uwanja mweupe na watu wengi wanapunga bendera, na chini ya kioo maandishi ya Kiingereza: wanaume, kisha neno fulani, kisha mashindano ya dunia. Nilifika kidato cha nne, Kiingereza hicho kilinitosha. Neno la katikati sikulijua, nikalipita kama ninavyoyapita maneno yote ya katikati.

"Huu hapa, kaka," nikamwambia. "Kombe la Dunia."

Kosa la pili niliseme hapa hapa, msije mkadhani mimi ni mtu wa kosa moja. Kaka alipoanguka msimu uliopita, mimi nilikuwa chini ya mti.

Mimi sipandi. Nikisimama juu ya kinu tu kichwa kinanizunguka, na kwetu huku kwenye vilima vya nyuma ya Wete, mwanamme asiyepanda mkarafuu ni kama kisu kisicho na mpini: kipo, lakini hakuna anayejua akishike wapi. Msimu ukifika wenzangu hubeba mapakacha na kamba, mimi nabaki uwanjani kulinda karafuu zilizoanikwa. Nafukuza kuku, natazama mawingu, nakunja majamvi mvua ikinyemelea. Walinipa cheo, Waziri wa Majamvi, nami nilikipenda. Waziri hapandi miti.

Siku ile nilitoka, na ajabu yake ndiyo hiyo, kumpelekea kaka chai. Alikuwa akimalizia mkarafuu mkubwa wa nyuma ya nyumba. Sasa kwetu lipo neno la kumtania mchumaji: umesaza. Kusaza ni kuacha karafuu mtini baada ya kusema mti umekwisha, na mchumaji anayejiheshimu ni bora umwambie hajui kusoma kuliko kumwambia amesaza. Unasimama chini, unanyosha kidole, unaliimba kwa sauti ili wa mashamba ya jirani wasikie. Mimi, birika mkononi, nikaona kishada kimoja kwenye ncha ya tawi, kimeshaanza wekundu. Raha iliyoje kwa mtu ambaye hajawahi kupanda! Nikaimba:

"Umesaza kimoja! Umesaza kimoja!"

Kaka akacheka kule juu. "Leo Waziri katoka ukaguzini?" akasema, na akajinyosha kukifuata.

Tawi la mkarafuu halipindi kwanza likakupa nafasi ya kufikiri. Hukatika kama biskuti.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu, bi mmoja mjane, ambaye jiko lake na mti ule vimetenganishwa na ua wa makuti tu. Aliniuliza kimetokea nini, nikamwambia tawi limekatika. Shemegi yangu, mke wa kaka, akaja mbio kutoka konde la muhogo, naye nikamwambia tawi limekatika. Hospitali nikamwambia daktari vilevile. Na ni kweli, lilikatika. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nikiimba nini.

Kaka alipozindukana hakulitaja, na mimi sikulitaja. Sikujua kama alikumbuka. Sikujua kama ananilaumu. Hilo ndilo jambo moja tu nililotaka kulijua duniani, na ndilo nililoogopa kuliuliza, basi nikawa namuuliza mengine: uji umepoa? mto ukae hivi? nifungue dirisha?

Kuanzia kiunoni hakuwa na habari na mwili wake. Daktari alitwambia mambo mawili. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akafanya vidonda vya kulala, na akalishwe kitako kila siku, kifua kisije kikajaa. La kwanza tuliliweza: mimi mabegani, shemegi miguuni, na akiwa hayupo nafanya peke yangu kwa kumzungusha na shuka. Mtu wa kukaa nyumbani hatimaye nilipata kazi ya nyumbani. La pili kaka alilikataa. Alisema akikalishwa anajiona anaanguka upya. Ukimwinua tu alifumba macho, akashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Tukamwacha. Kidonda cha kwanza kikatoka, chini ya mgongo, ukubwa wa kifungo cha shati. Kisha kikawa ukubwa wa kisahani.

Jirani alikuja kila asubuhi na uji wa mtama, na maneno yake hayakuwa na sukari kama uji wake. "Anaanza kunuka huyu," alisema siku moja, mlangoni, mgonjwa anasikia. "Mwamkalisha au mwangojea nini?"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, alasiri ile nilipomwekea Kombe la Dunia.

Akatokea mtu juu ya mnara, kakaa kwenye ubao mwembamba, mbao mbili ndefu zimefungwa miguuni. Chini yake njia ya barafu inateremka kama kwamba imemwagwa. Kabla sijapata rimoti, mtu akajiachia. Akateremka amejikunja, akafika mwisho wa njia, na mbele hapakuwa na kitu tena. Akaruka. Alilala juu ya upepo, pua karibu ya zile mbao, akaenda, akaenda, mpaka akatua kule chini kwenye theluji, mguu mmoja mbele, mikono ameitandaza.

Rimoti ilikuwa chini ya mto wa kaka. Nikawa naipapasa.

"Iwache," akasema kaka.

Tukatazama wa pili. Na wa tatu.

"Wasukumwa?"

"La, kaka. Ndio mchezo wenyewe."

"Ntu na akili zake?"

"Na akili zake. Mashindano ya dunia haya."

Akatafakari mpaka wa nne akatua.

"Sasa kapanda kote kule," akasema, "kachuma nini?"

Nikacheka mpaka shemegi akaja kutazama kuna nini. Kaka hakucheka, lakini jicho lake lilikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu msimu. Akaniambia kichwa chake kiko chini mno, aona miguu ya watu tu. Nikaweka mto. Akasema bado. Nikaweka wa pili. Akasema, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza siku zote zile, "Hebu nikalishe basi!"

Tukamkalisha. Shemegi akamshika nyuma, mimi nikamzungushia mito na jamvi lililokunjwa, kwa mara ya kwanza cheo changu kikafaa kitu. Hakufumba macho. Shemegi akatoka kwenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Kaka akawa hakimu. Wale majaji watano wa kule hawakujua kwamba kuna wa sita huku. Aliujua upepo kuliko mtangazaji. "Huyu watamngojesha," alisema, na kweli taa ikabaki nyekundu, yule mtu akaambiwa ateremke ubaoni angoje. "Huyu ana woga, tazama magoti." Akagundua mwenyewe kwamba kwenda mbali hakutoshi, kwamba aliyekwenda mbali akatua vibaya alishindwa na aliyekwenda karibu akatua vizuri. Hilo lilimfurahisha.

Ndipo alipomwona yule mtu wa pembeni.

Mimi sikumtilia maanani. Kando ya ile njia ya barafu palikuwa na jukwaa dogo, na juu yake wamesimama wakufunzi, kila mmoja amevaa koti nene na ameshika kibendera. Mrukaji akikaa ubaoni humtazama mkufunzi wake. Mkufunzi anapima upepo, anasubiri, kisha anakishusha kibendera. Akikishusha, mtu anajiachia.

"Yule wa kibendera," kaka akauliza, "yeye huruka saa ngapi?"

"Yule haruki, kaka. Yeye ni wa kutoa ishara tu. Anamwambia mwenziwe sasa nenda."

"Anasimama pale pale?"

"Pale pale."

"Na koti lake."

"Na koti lake."

Akaadhiniwa Magharibi. Duru ya kwanza nayo ilikuwa imekwisha, warukaji wakapewa mapumziko. Kaka akasali hivyo hivyo, amekaa, mara ya kwanza tangu aanguke. Mimi nilisali pembeni yake na sikumbuki nilisoma sura gani.

Duru ya pili walianza wa nyuma, aliyeongoza akawekwa wa mwisho. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko wenziwe, ndevu zimeganda baridi, na kaka alikuwa ameshamchagua tangu mwanzo kwa sababu, alisema, anakaa kwenye ubao kama mtu anayekaa tawini. Alipokaa, uwanja mzima ukanyamaza. Upepo ukavuma, kile kitambaa cha kupimia upepo kikapepea. Kamera ikamwonyesha mkufunzi wake, kibendera juu. Kikakaa juu. Kikakaa juu.

"Asishushe," kaka akasema, taratibu.

Kikashuka.

Alikwenda vizuri mpaka nusu. Halafu ubao mmoja wa mguuni ukashikwa na upepo, ukainuka peke yake, na yule mtu akageuka hewani kama shati linaloanguka kutoka kwenye kamba. Akafikia ubavu. Akaburuzika mpaka chini kabisa na hakuinuka. Watu wenye machela wakaja mbio. Na kamera, kwa vile haikuwa na adabu ya kutazama pengine, ikarudi juu kwa mkufunzi. Alikuwa bado amesimama pale pale jukwaani, kibendera mkononi, mkono mwingine juu ya kichwa. Hata hatua moja hakupiga.

Mimi nilijua kile kisimamo. Birika lile la chai nilikutwa nalo mkononi, halijamwagika.

Sikuthubutu kugeuza shingo. Kaka akasema, bila ya kuniangalia, sauti yake ya kawaida kabisa:

"Yule ndiye atakayemnywesha uji."

Hapo palikuwa na mlango, wazi wote, wa kuingia mtu na ng'ombe wake. Ningeweza kusema, kaka, ni mimi. Ningeweza kusema nisamehe. Nilisema nini? Nilisema, "Umeme wa huku hauaminiki, bora nizime mapema." Nikazima.

"Nilaze," akasema.

Tukamlaza. Tangu siku hiyo hakukubali tena kukalishwa. Tivii hakuitaka. Nilipotaka kumwambia matokeo, maana niliyatafuta kwenye simu, alinikata: "Sikukuuliza." Kidonda kikafika mfupa. Muuguzi aliyekuwa akija kukisafisha akaacha kutupa habari, akawa anafunga bendeji na kuaga. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Nami nikaendelea kumgeuza kila saa mbili, mabega, kiuno, magoti, na kila nilipomgeuza kunielekea mimi, alifumba macho. Akigeukia ukuta aliyafumbua.

Wiki ya tatu sikuweza tena. Niliamka asubuhi nikavuka ua, nikamkuta jirani jikoni kwake anachochea kuni. Nikamwamkia. Akaniitikia, akanisukumia kigoda. Sikukaa. Nikamwambia yote, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesikilizwa sura: chai, kishada, kidole, wimbo, tawi. Nikamwambia na ya wale warukaji na mwenye kibendera, ingawa hapo alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. Nikamwambia nimeificha siri hii tangu msimu, hakuna anayeijua ila Mungu na mimi, na sijui kama kaka alisikia, sijui kama anajua, na ninaogopa atakufa kabla sijajua.

Nilitegemea atalia, au atanifukuza. Hata laana ningeipokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote matatu.

Akaepua chungu, akakiweka chini. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Siri gani weye?" akasema. "Uliimba nikakusikia miye jikoni hapa, moshi machoni na redio imefunguliwa, itakuwa yeye aliyekuwa tawini? Nchi nzima yajua. Angojea umwambie weye, na weye waja kuniambia miye. Saa ya kumgeuza ishapita, nenda kamgeuze."