Jina Tulilolifuata Kawangware

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, pale Mashimoni, Kibera, homa ilikuwa ikinijia pamoja na mgeni. Ninakuwa nimelala kitandani mchana, Mama yuko kazini, mabati yanalia kwa joto, kisha namwona mwanamke mzee ameketi juu ya mtungi wa maji karibu na mlango. Hakunitisha, wala hakusema neno. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kikashuka upande mmoja na kufunika sikio, na shavu lake ameliegemeza kwenye kiganja, kama mtu aliyesubiri foleni mpaka akachoka. Nikifumba macho na kufumbua, bado yupo. Homa ikishuka, anaondoka.

Nilimweleza Mama, naye hakushtuka. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu kule Ayany, na jioni alirudi vidole vimekunjamana, mgongo haunyooki. Alinigusa paji la uso, akasema ni homa inayonionyesha vitu. Akanipeleka kliniki, nikapewa dawa, nikapona na kurudi shule. Baada ya majuma machache homa ikarudi, na yule mzee naye akarudi. Ikawa hivyo msimu mzima wa mvua. Nilikonda hadi sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini.

Aliyelipa jambo lile maana alikuwa Mama Pamela, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kijaluo kutoka upande wa ziwa. Siku moja aliingia kuomba chumvi akanikuta namsimulia Mama habari za mgeni wangu, akaketi kusikiliza. Aliuliza kama babangu alikuwa Mjaluo. Mama akasema ndiyo. Akauliza jina langu la nyumbani ni gani. Mama akasema sina, mimi ni Loise tu. Mama Pamela akaeleza kwamba kwao mtoto hapewi jina na walio hai peke yao. Wafu wa ukoo nao huja kulitaka, wengine kwa ndoto, wengine kwa ugonjwa, na mtoto hapati raha mpaka aitwe lile jina linalotakiwa.

“Mama Loise, huyo mzee anataka kuitwa,” alisema. “Tafuta watu wa babake wakuambie ni nani.”

Kwa wengine hilo lingekuwa jambo la kupanda basi wikendi moja. Sisi hatukuwa na watu wa baba. Baba alikuwa fundi wa mawe, na alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla sijaanza kutambaa. Mama alijua kwamba anaitwa Oduor, kwamba anaongea Kijaluo, na kwamba ukimuuliza kwao ni wapi anasema “huko mbele” halafu anageuza mazungumzo. Alipokufa hakuna ndugu aliyekuja kuuchukua mwili. Akazikwa Lang’ata, kwenye makaburi ya umma, na kwa Wajaluo, na kwa Waluhya, watu wa Mama, pia, hilo ni jambo zito: mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kulazwa mjini kana kwamba hana boma. Mama alijilaumu kwa hilo miaka yote, ingawa sikujua wakati ule. Nyumbani kwao Vihiga nako hatukuwa na pa kushika. Babu alimwambia mapema kwamba mtoto ana kwao kwa baba yake, amtafutie huko. Mama hakubishana. Alipunguza tu kwenda.

Na miaka ile, vyama vingi vya siasa vilipokuwa vimeanza na watu kupimana kwa majina, swali la kwenu ni wapi lilikuwa linauma hata kwa watoto. Kabla ya likizo ya Desemba mwalimu alituuliza kila mmoja ataenda wapi. Wenzangu wakataja Siaya, Kakamega, Machakos. Mimi nikasema Mashimoni. Darasa likacheka, na mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, naye akatabasamu.

Mama alikataa ushauri wa Mama Pamela. Alikuwa mtu wa kanisa, na alisema nyumba yetu haina mambo ya wafu. Lakini homa ilirudi tena, safari hii ikanilaza hata maji yakawa hayakai tumboni. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda na aproni yake bado imelowa, akanitazama sana. Kisha akasema Jumapili baada ya ibada, nikiwa na nguvu, tutaenda Kawangware. Alichokuwa nacho ni neno moja tu. Siku ya mazishi, fundi mwenzake Baba alimwambia kwamba Oduor alikuwa na dada huko, anaitwa Peres, anauza samaki.

Tulikwenda kwa miguu. Tulipanda kupitia Ayany, Mama akiyapita mageti anayoyagonga siku nyingine bila kuyatazama, tukakata Jamhuri, tukatokea Ngong Road, tukaifuata hadi Dagoretti Corner na kushika Naivasha Road. Nilipochoka alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu yangu ikimgonga magotini. Nilisikia pumzi yake ikikwama kwenye kila mlima mdogo. Hakulalamika, ila alikuwa na namna ya kusimama kidogo na kutazama mbele, kama anayeipima njia aone kama bado anaiweza.

Jumapili ya kwanza hatukumpata. Wauza samaki wa Kawangware walikuwa wengi na Peres walikuwa zaidi ya mmoja. Mmoja alikuwa msichana mdogo, mwingine alisema hakuwahi kuwa na kaka, na alisema kwa ukali, kana kwamba tunamletea mzigo. Jumapili iliyofuata tulielekezwa Gatina, huko wakatuambia yule mama alihama. Mvua ilitupata njiani tukarudi Kibera tumelowa, na usiku huo nilimsikia Mama akimwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amechoka. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini Jumapili ikafika na baada ya ibada alivaa tena viatu vyake vya raba.

Tulimkuta sehemu iitwayo Congo, nyuma ya mabanda ya viazi. Mwanamke mnene, mrefu, ameinamia karai la mafuta anakaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki ambayo nyama yake imeshaenda kwa matajiri. Mama alimsalimia, akasema anamtafuta Peres, dadake Oduor aliyekuwa fundi wa mawe. Yule mwanamke aliwatoa samaki karaini, akawaweka juu ya gazeti, akapunguza moto. Kisha akanitazama mimi, si Mama.

“Ni wake?” aliuliza.

Mama akasema ni wake.

Alituketisha kwenye kreti za soda. Alisema alisikia habari za kifo miezi mingi baada ya mazishi, akaja Kibera kutuulizia, asijue aanzie wapi. Walilia kidogo, wote wawili, kimyakimya kwa sababu wateja walikuwa wanapita. Kisha Mama akaeleza kilichotuleta. Alieleza kwa haya, akirudiarudia kwamba yeye ni mtu wa kanisa, kwamba ni majirani waliosema. Peres akamkatiza kwa mkono na kunigeukia mimi.

“Huyo mzee anakaa aje?”

Nikamwambia kuhusu mtungi na mkono shavuni. Nikamwambia kuhusu kitambaa.

“Hiyo kitambaa inafunika sikio gani?”

Nikamwonyesha la kushoto. Peres alivuta pumzi, akajifuta mikono kwenye leso muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akasema huyo ni mamake, Awiti. Alikuwa na kidonda cha sikio ambacho hakikupona maisha yake yote, akawa hatoki nje bila kulifunika. Alikufa kabla Oduor hajaja Nairobi.

Mimi nikamwuliza kama basi huyo ndiye nyanya yangu. Hapo ndipo Peres alipotuambia yale ambayo Baba alikuwa akiyageuzia mazungumzo.

Awiti alikuwa mjane wa upande wa Yala. Siku moja alikwenda soko la Luanda, pale ambapo nchi ya Wajaluo na ya Waluhya zinakutana, na wote hununua na kuuza pamoja. Soko lilipokuwa linafungwa akaona mtoto wa kiume amekaa chini ya meza ya muuza ndizi, mdogo, hajui kusema vizuri. Akasubiri naye. Watu wakaisha. Akauliza muuza ndizi, akauliza wapagazi, akauliza kwa Kijaluo na kwa Kiluhya kidogo alichokijua. Hakuna aliyemjua. Akamchukua nyumbani, wakafika giza limeshaingia, ndiyo maana akamwita Oduor, jina la mtoto wa usiku. Siku ya soko iliyofuata alirudi naye akasimama pale pale, na nyingine tena, na nyingine, hadi wachuuzi wakamwambia aache kujisumbua. Hakuna aliyekuja kumdai.

“Kwa hivyo yeye hakuwa damu yetu,” Peres alisema. “Lakini tulikula sahani moja. Mama alipokufa, ndugu za baba wakasema huyu hana shamba hapa. Akaenda. Hata mngemleta kuzikwa, wasingewaruhusu kuchimba.”

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na nguvu. Akasema Luanda ni karibu na kwao. Akasema akiwa msichana alitumwa pale kununua mboga. Mume wake, Mjaluo wake ambaye babake alimkataa kwa sababu ni Mjaluo, huenda alizaliwa mlima wa pili kutoka kwao, wa kabila lake mwenyewe, na hakuna mtu duniani angeweza kusema ndiyo au la. Kisha kweli akalia. Peres akaacha mafuta yaungue karaini.

Kabla hatujaondoka, Peres alimega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akauweka mdomoni mwangu na kuniita kwa lile jina. Mama alitazama pembeni lakini hakukataza. Niliitika. Hapakuwa na ngoma wala mganga, ila mwanamke mwenye harufu ya samaki akisema “Awiti” na mtoto kusema “naam.” Baadaye Mama Pamela alinieleza kwamba hilo ni jina la msichana anayezaliwa baada ya nduguze kufa, ambaye hutolewa nje kama aliyetupwa ili jirani amwokote.

Homa ilirudi mara moja, nyepesi, kisha ikaniacha. Yule mzee hakuja tena. Nasema kweli, nilimkosa. Kwa muda nilikuwa nautazama ule mtungi kila nikiingia ndani.

Nimeyageuza mambo haya kichwani miaka mingi. Huenda Baba aliwahi kumsimulia Mama juu ya sikio lile, Mama akasahau, nami nikaliokota mahali kama watoto wanavyookota maneno ya wakubwa. Huenda ni dawa za kliniki zilizofanya kazi yake mwishowe. Siwezi kuapa kwa upande wowote. Ninachojua ni kwamba tulitoka kutafuta ukoo tukarudi na ukoo uliopotea zaidi kuliko tulipoanza. Nikiwa mtu mzima nilishuka Luanda siku ya soko, nikasimama katikati ya meza, nikawatazama wazee usoni nikitafuta pua yangu. Kisha nikaona upuuzi wake. Ningemuuliza nani, na ningemuuliza nini? Nilinunua ndizi nikaondoka. Sijarudi kutafuta, na sidhani nitarudi.

Peres alipofariki tulimpeleka Yala. Nilikaa nyuma, pamoja na wageni kutoka Nairobi, kwa sababu sikujua nafasi yangu. Mzee mmoja wa boma akauliza kwa Kijaluo yule mwanamke ni wa nani. Mpishi mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akamjibu, “En Awiti.” Ni Awiti. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaniashiria nisogee mbele nikakae na binti za marehemu. Nilisogea. Hawakunipa shamba, wala sikulitaka. Walinipa kisu na kitunguu.

Mama sasa miguu inamsumbua, na anakaa nami. Majuzi nilimuuliza kama siku zile aliamini maneno ya Mama Pamela, maana sikuwahi kumuuliza.

“Sikuamini,” alisema. “Lakini ulikuwa mgonjwa, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kuuliza.”

Akaniomba nimletee mto wa kuinulia miguu. Nilimletea, nikakaa karibu naye nikiikanda ile miguu iliyotembea na mimi mgongoni hadi Kawangware, kuuliza watu wasiotujua kama mtoto huyu ni wao. Watu bado wananiuliza kwetu ni wapi. Huwa nataja mahali pa kwanza panaponijia, kisha naendelea na kazi yangu.